Kijana Mrefu Asiyeota Ndevu

Leo nimekuja na jambo ambalo wengi wetu hatulizungumzi hata chumbani mlango ukiwa umefungwa. Ikiwa watoto wako wamekaa karibu, usizime redio. Waache wasikie, hasa wavulana.

Nianze na hesabu. Sensa ya mwaka 2019 ilipata wanaume na wavulana 767,698 katika Kaunti ya Meru, na 304,208 katika Kaunti ya Embu. Sensa hiyo hiyo ndiyo iliyowahesabu kwa mara ya kwanza Wakenya wenye jinsia tata, wale ambao maumbile yao ya kuzaliwa hayaingii moja kwa moja upande wa kike wala wa kiume. Nchi nzima walipatikana 1,524. Meru walikuwa 41, Embu 24.

Sasa chukua hesabu ya pili. Kuanzia miaka ya 1960, madaktari wa Ulaya na Amerika Kaskazini walipima damu za makumi ya maelfu ya watoto wachanga, mtoto baada ya mtoto, bila kuchagua. Waligundua kwamba katika kila wavulana 650 hivi, mmoja huzaliwa akiwa na kromosomu X moja zaidi. Wengine husema mmoja kwa 500, wengine mmoja kwa 1,000, lakini makadirio hucheza hapo katikati. Tukichukua kipimo hicho cha 650 na kukileta kwetu, Meru itakuwa na wanaume na wavulana kama 1,180 wa hali hiyo, na Embu kama 470. Ukijumlisha, ni watu wanaokaribia 1,650 katika kaunti mbili tu. Ni makadirio, narudia, ni makadirio, kwa maana hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba akipima damu Tigania au Mbeere. Lakini hata tukiyapunguza nusu, bado tunazungumza juu ya mamia ya watu.

Wako wapi watu hawa? Je, wewe unamjua hata mmoja?

Wapo. Yupo anayechuma chai, yupo anayeendesha bodaboda, yupo anayefundisha darasani, na yupo kanisani anayeimba kwaya kwa sauti nyororo ambayo haikuwahi kuvunjika sawasawa. Wengi wao hawajui. Uchunguzi uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hata kule, penye hospitali za kila aina, ni robo tu ya wanaume hawa waliowahi kutambuliwa maishani mwao, na wasiozidi mmoja kati ya kumi ndio waliotambuliwa kabla ya kubaleghe. Kama Denmark ni hivyo, sihitaji kukuambia hali ikoje kwenye dispensari ya kwetu.

Hali yenyewe huitwa sindromu ya Klinefelter. Harry Klinefelter alikuwa daktari kijana wa Kimarekani. Mwaka 1942, katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, yeye na mwalimu wake Fuller Albright pamoja na mwenzao Edward Reifenstein waliandika juu ya wanaume tisa waliofanana kwa mambo kadhaa: walikuwa wameota matiti, korodani zao zilikuwa ndogo na ngumu, na hawakuwa na mbegu za uzazi. Kwa nini iwe hivyo, hakuna aliyejua. Jibu lilipatikana baada ya miaka 17. Mwaka 1959, Patricia Jacobs na John Strong wa Edinburgh, Uskochi, walihesabu kromosomu za mwanamume mmoja mwenye dalili hizo, wakakuta 47 mahali pa 46.

Wacha nieleze hesabu hiyo taratibu, kwa sababu ndipo lawama nyingi zinapofia. Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Jozi moja ndiyo inayohusu jinsia. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume ana X moja na Y moja. Mbegu ya baba na yai la mama zinapoundwa, jozi hutengana ili kila upande upate nusu yake. Mara moja moja jozi hiyo ya jinsia haitengani. Mbili zinakwenda pamoja upande mmoja, na mtoto anayetungwa hapo anapata X, X na Y. Kosa hilo hutokea upande wa baba karibu nusu ya nyakati, na upande wa mama nusu nyingine. Halitokani na chakula alichokula mama akiwa mjamzito. Halitokani na sindano ya kupanga uzazi, wala kiapo cha babu, wala mahari ambayo haikukamilika. Na kwa kawaida halirudii kwa ndugu zake. Hakuna ukoo wa kunyooshewa kidole.

Tena mtoto huyo ni mwanamume. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimesikia watu wakilichanganya, hata watu waliosoma. Jeni inayoamuru korodani ziumbwe tumboni mwa mama iko kwenye kromosomu Y; wanasayansi wa London waliitambua mwaka 1990, wakaiita SRY. Mwenye XXY anayo. Anazaliwa mvulana, mkunga anampokea mvulana, anapewa jina la babu yake, na wengi sana kati yao wanaishi na kufa wakijijua kuwa wanaume wala hakuna shaka moyoni mwao. Wale Wakenya 1,524 wa jinsia tata wana haki zao, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imewataja watoto wa jinsia tata wazi wazi ili walindwe. Nafurahi kwa hilo. Ila kijana wa XXY mara nyingi hahitaji mtu wa kumuuliza yeye ni nani. Anahitaji mtu wa kumpima homoni.

Wapo pia walio wachache zaidi, ambao X na Y zote mbili zimezidi: XXYY. Hawa ni mmoja katika wanaume 18,000 hadi 40,000. Kwa Meru ni kama watu 19 hadi 43, na kwa Embu ni kama 8 hadi 17. Kosa lao hutoka kwa baba: mbegu imebeba X moja na Y mbili, ikakutana na X ya yai. Kijana wa XXYY huwa mrefu sana, wengi hupita sentimita 180. Huchelewa kusema. Mikono yake hutetemeka anapojaribu kufanya kazi ndogo ndogo, kama kutia uzi kwenye sindano au kufunga kifungo cha shati. Meno yake huota kwa kuchelewa na kuharibika upesi. Wengine hupata kifafa, wengine pumu, na darasani huhangaika kuliko mwenzake wa XXY. Hasira zake huja haraka, kisha anajuta na kulia. Mama wa mtoto kama huyu ameshasikia kila neno baya ambalo jirani anaweza kulitoa kinywani.

Sasa twende na kijana mmoja wa mfano. Si mtu ninayemjua, sitampa jina, wala usimtafute kijijini kwako. Nimemuunda kutokana na yale ambayo vitabu vya tiba vinaeleza.

Alichelewa kusema. Bibi yake akasema baba yake pia alichelewa, basi yakaisha. Shuleni alikuwa mpole, haya nyingi, hapigani. Mwalimu akitoa maagizo matatu kwa pamoja, yeye hushika la kwanza na la mwisho, akachapwa kwa lile la katikati. Kusoma kulimpiga chenga, ingawa hesabu alijitahidi, na ukikaa naye peke yake unamkuta ana akili timamu kabisa. Akatimiza miaka kumi na miwili, akatahiriwa pamoja na wenzake. Kisha wenzake wakaanza kubadilika. Sauti zikavunjika, mabega yakatanuka, ndevu zikachomoza. Yeye alirefuka. Akarefuka hasa miguu, mpaka suruali ya sare ikawa inaishia juu ya kifundo. Mifupa ya miguu huacha kukua kwa amri ya homoni za kubaleghe, na amri hiyo ikichelewa, mifupa huendelea tu. Zaidi ya hayo, ile X ya ziada ina jeni ya urefu inayofanya kazi bila kunyamazishwa. Basi mtaani wakamwita twiga, naye akacheka pamoja nao.

Kwenye bweni la shule ya sekondari ndiko mambo yalikoharibika. Kifua kilianza kuvimba chini ya chuchu. Akaacha kuoga na wenzake. Akawa anaamka saa tisa usiku kwenda bafuni. Akavaa sweta mchana wa jua kali. Likizoni alipopelekwa kupanda miti ya miraa, alichoka kabla ya wengine, mikono haina nguvu. Baba yake akamwita mvivu mbele ya vibarua. Msikilizaji, kijana huyo hakuwa mvivu. Misuli hujengwa kwa testosteroni, na yeye alikuwa nayo kidogo mno.

Nimesema alitahiriwa akiwa na miaka kumi na miwili. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndipo sisi watu wa Meru na Embu tulipo na jambo la kwetu wenyewe.

Zamani kijana wa Kimeru hakutahiriwa akiwa mtoto. Alisubiri mpaka awe mkubwa, ndevu zinaota, kisha akaingia gaaru, nyumba ya vijana waliotahiriwa, na rika lake. Wazee waliouona mwili wake waliuona mwili wa mtu aliyebaleghe. Baadaye shule ikaleta kalenda yake. Tohara ikahamia Novemba na Desemba, baada ya mtihani wa darasa la nane, mvulana akiwa na miaka kumi na tatu au kumi na nne. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika mtaala mpya wazazi wengi wameisogeza tohara mpaka mwisho wa gredi ya sita, kabla mtoto hajaingia sekondari msingi, na huyo ana miaka kumi na moja, kumi na miwili. Wengi siku hizi hufanyiwa hospitalini au kwenye zahanati, na mkataji ni afisa wa kliniki au muuguzi aliyevaa glavu. Hilo ni jema, limeokoa vijana na kutokwa damu na vidonda vibaya.

Lakini angalia kilichotokea. Ile siku moja ambapo mtu mwenye ujuzi anautazama mwili wa mvulana wetu imerudi nyuma ya kubaleghe. Korodani za mtoto wa miaka kumi na miwili ni ndogo, awe na XXY au asiwe nayo. Afisa wa kliniki hawezi kuona tofauti, na si kosa lake. Tofauti huonekana miaka miwili mitatu baadaye, wakati korodani za wenzake zinapokua na zake zinapobaki pale pale au kunywea. Na wakati huo hakuna anayemtazama. Ameshakuwa mwanamume. Mama yake haruhusiwi hata kuingia chumbani mwake. Baba haulizi. Mwalimu haoni. Yeye mwenyewe hasemi, kwa sababu ameambiwa akiwa kwenye jeraha kwamba mwanamume halalamiki juu ya mwili wake. Msichana wa rika lake akichelewa kupata hedhi, shangazi au mama atauliza. Mvulana akichelewa kuota ndevu, anapata jina la utani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazazi, kwa wasimamizi wa tohara, na kwa wazee wa baraza la Njuri Ncheke wenye sauti kubwa katika mambo haya, ni kwamba tohara isiwe mara ya mwisho. Yule anayemsimamia kijana, yule mwalimu wake wa jandoni, ana ruhusa ambayo mama hana. Amuulize tena akiwa na miaka kumi na tano au kumi na sita. Ajue kumuuliza kwa heshima, pembeni, si mbele ya kundi: sauti imebadilika? Kifua kinauma? Huko chini kumekua kama kwa wenzako? Jibu likiwa la wasiwasi, ampeleke hospitalini yeye mwenyewe. Sioni jambo lolote hapo linalovunja mila. Naona mila ikifanya kazi yake.

Na hospitalini kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mwaka 1966 daktari wa Zurich aitwaye Andrea Prader alitengeneza kifaa ambacho ni shanga za umbo la yai zilizotungwa kwenye uzi, kuanzia ya mililita 1 mpaka ya mililita 25. Daktari hupapasa korodani kwa mkono mmoja na shanga kwa mkono mwingine, akalinganisha. Mwanamume mzima kwa kawaida ana mililita 15 hadi 25. Mwenye XXY mara chache hupita 5. Uzi mmoja wa shanga hutumika miaka na miaka. Hata bila shanga, daktari makini atajua kwa vidole vyake. Jambo hilo huchukua dakika moja, na kwa sababu dakika hiyo moja haikupatikana, mtu anaweza kuishi miaka arobaini bila kujua.

Nini hutokea katika miaka hiyo arobaini? Mengine ni ya mwili. Mifupa hupungua uzito na kuvunjika kirahisi. Kisukari huja mapema kuliko kwa wenzake, tumbo linaongezeka ingawa mtu si mlafi. Damu huganda kwenye mishipa ya miguu, na kwenye kifundo hutokea kidonda kisichopona. Watu husema amekanyaga kitu, anazungushwa kwa waganga, kidonda kinazidi kunuka, na pesa ya kahawa inakwisha. Saratani ya matiti, ambayo kwa wanaume ni nadra, kwao huwa si nadra kiasi hicho. Ukiwa na XXY na ukagusa uvimbe kifuani, usikae nao.

Mengine ni ya nyumbani, na haya ndiyo yanayonisumbua zaidi.

Kijana wetu wa mfano ameoa. Wanaume wengi wa XXY huoa, wanapenda, na tendo la ndoa linawezekana. Mwaka wa kwanza hakuna mtoto. Mwaka wa pili, mama mkwe anaanza kutazama tumbo la mkaza mwana. Mwaka wa nne, mke amepelekwa kliniki tatu, amepigwa picha za mirija, amekunywa dawa za mitishamba, ameombewa, amefunga. Mume hajapimwa chochote. Mwaka wa sita, ukoo umekaa kikao, na mwanamke amerudishwa kwao na sanduku lake. Mume anaoa mwingine. Mwaka wa nane, mke wa pili anaanza safari ile ile, na yule wa kwanza, kule alikoolewa tena, ana mapacha.

Mama yangu unayenisikiliza ukiwa jikoni, wewe mama mkwe, sikia hili. Kati ya wanaume ambao shahawa zao hazina mbegu kabisa, karibu mmoja katika kumi ana sindromu ya Klinefelter. Kupima shahawa ni kipimo cha maabara ya kawaida, na ni nafuu kuliko kumpiga mwanamke picha za mirija. Kinafaa kuwa cha kwanza, au kifanyike siku ile ile mke anapopimwa. Kumpima mke kwa miaka sita na kumwacha mume bila kupimwa ni dhuluma, na tuiite hivyo.

Kisha kuna shamba. Katika koo zetu, mtu asiye na mtoto hupewa kipande cha mwisho, kile cha mtelemkoni, au huambiwa asubiri. Kaka zake wanamhesabia watoto wasiokuwepo. Anazeeka akiwa kama mgeni kwenye ardhi ya baba yake. Sijui mateso mangapi ya aina hiyo yamefungwa kwenye mafaili ya mashamba mahakamani bila daktari hata mmoja kutajwa.

Sayansi nayo imewahi kuwadhulumu, na ni haki niseme. Mwaka 1960 watafiti wawili, Muldal na Ockey, walipoeleza mgonjwa wa kwanza wa XXYY, walimpa jina la dume mara mbili. Mwaka 1965 Patricia Jacobs, yule yule wa Edinburgh, aliongoza kundi lililochunguza wagonjwa wenye ulinzi mkali katika hospitali ya Carstairs, Uskochi, wakakuta wenye XYY, yaani Y moja ya ziada, wamezidi kuliko ilivyotarajiwa. Magazeti yakalichukua jambo hilo na kukimbia nalo: Y ya ziada ikawa kromosomu ya uhalifu. Ilichukua miaka kuirekebisha sifa hiyo. Utafiti mkubwa uliofanywa Copenhagen na kutolewa mwaka 1976 ulionyesha kwamba watu hao hawakuwa wakatili kuliko wengine. Waliofungwa, makosa yao kwa kawaida yalikuwa madogo madogo, na ugumu wa kujifunza ulieleza mengi. Mama mwenye mtoto wa XXYY, ukiambiwa kwamba Y mbili zitamfanya mwanao jambazi, jua kwamba hilo lilishapimwa likakataliwa nusu karne iliyopita.

Tiba ipo, na haikuanza jana. Kromosomu haiondolewi, hilo lisemwe wazi, na yeyote atakayekuuzia dawa ya kuiondoa ni mwizi. Kinachotibiwa ni upungufu wa testosteroni. Zipo sindano za kila wiki mbili au tatu, na zipo za kudumu zinazochomwa kila baada ya wiki 10 hadi 14. Zikianza wakati wa kubaleghe, chini ya daktari, ndevu huota, sauti hushuka, misuli hukaza, mifupa huimarika, na mtu husema usingizi wake na moyo wake vimekuwa vingine. Matiti yaliyokwisha kuota hayaondoki kwa sindano. Hayo ni ya upasuaji mdogo. Mtoto anayechelewa kusema hufaidika sana na mtaalamu wa kunena akiwa bado mdogo, na mwalimu anayejua atatoa agizo moja moja, aandike ubaoni, aache kuchapa.

Kuna jambo moja ambalo vijana wanaotaka watoto hawaambiwi mapema. Sindano za testosteroni huzima hata uzalishaji mdogo wa mbegu uliobaki. Kwa hiyo kabla ya kuanza, au baada ya kusimamisha kwa ushauri wa daktari, inawezekana mpasuaji aingie kwenye korodani kwa darubini na kutafuta mbegu zilizojificha. Katika vituo vyenye ujuzi hupatikana kwa karibu nusu ya wanaume wanaojaribu. Kisha mbegu moja huingizwa kwenye yai maabara. Duniani jambo hili lilianza kuzaa matunda miaka ya 1990. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza waliotungwa maabara mwaka 2006 mjini Nairobi. Gharama ni kubwa, siwezi kuificha, mkulima wa kawaida hawezi kuuza ng'ombe akaimaliza. Ndiyo maana nataja pia kwamba ile Sheria ya Watoto ya 2022 imetambua kuasili mtoto ndani ya ukoo, mtoto wa ndugu kwa mfano, kwa utaratibu wa mahakama na haki zote za mwana. Jambo ambalo koo zetu zilifanya kwa maneno ya wazee sasa lina karatasi.

Nimalizie na safari ya damu, kwa sababu kila ninapolizungumza jambo hili mtu huniambia: hayo ni ya Nairobi.

Kipimo cha kuhesabu kromosomu hakihitaji mgonjwa asafiri. Kinahitaji mililita chache za damu kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia isigande. Maabara huzikuza seli hai kwa siku tatu hivi, huzisimamisha zikiwa katikati ya kugawanyika, huzipaka rangi, kisha mtaalamu huzihesabu kwa darubini moja moja. Sharti ni kwamba seli zifike zikiwa hai: damu isigandishwe, isiachwe juani, isikae siku nyingi njiani. Kutoka Embu hadi Nairobi ni kama kilomita 130. Kutoka mji wa Meru ni kama 225. Miraa inayokatwa asubuhi Igembe hufika Nairobi mchana huo huo, mbichi, kila siku ya Mungu, kwa sababu kuna watu walioamua kwamba lazima ifike. Nairobi hiyo hiyo, tangu mwaka 2008, pana programu inayowafunza madaktari wa homoni za watoto kutoka nchi nyingi za Afrika. Walimu wapo karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Kwa hiyo nawaomba mawaziri wa afya wa kaunti hizi mbili. Hospitali ya Rufaa ya Meru na Hospitali ya Level 5 ya Embu ziwe na siku moja ya kliniki ya vijana wa kiume kila mwezi, saa za jioni, mlango wa pembeni, afisa mmoja aliyefunzwa na uzi mmoja wa shanga za Prader. Damu itakayochukuliwa hapo isafirishwe Nairobi kwa mkataba wa kaunti, si kwa mfuko wa mzazi. Wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba na simu mwaka 2023, waongezewe swali moja kuhusu wavulana wa miaka kumi na tano. Nanyi wazazi, mkimpeleka kijana, msimwambie daktari "huyu hana nguvu tu" mkanyamaza. Mwambieni: amerefuka, hajaota ndevu, kifua kimevimba, apimwe testosteroni asubuhi kabla hajala, na apimwe kromosomu.